Wastani wa Mtoto Usomwe Kama Karatasi ya Mshahara

Kila mwisho wa mwaka wa masomo wazazi hutujia ofisini na buletini za watoto mkononi. Mmoja wao, mpakiaji mizigo hapa Bujumbura, alitaka binti yake asomee udaktari. Akajibiwa neno moja tu: wastani hautoshi. Alipouliza wastani huo umepatikanaje, hakuna aliyemwonyesha hesabu. Akatuambia, "Mwanangu ameonewa."

Tuliketi naye na kalamu. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, lakini kujumlisha na kugawanya tunajua.

Katika buletini zetu kila somo lina maksimumu yake. Tuchukue mfano. Biolojia ina pointi 100, na somo dogo lina pointi 20. Mtoto wa kwanza amepata 80 katika biolojia na 10 katika lile dogo. Wa pili amepata 50 na 18. Ukitafuta asilimia ya kila somo, ukajumlisha na kugawa kwa mbili, wa kwanza ana 65 na wa pili ana 70. Wa pili yuko mbele. Lakini ukijumlisha pointi zenyewe juu ya 120, wa kwanza ana 90, yaani asilimia 75. Wa pili ana 68, yaani kama asilimia 57. Sasa wa kwanza yuko mbele, tena mbali. Watoto ni wale wale na alama ni zile zile. Kilichobadilika ni njia ya kuhesabu.

Mwenzetu alikuwa amehesabu kwa njia ya kwanza, na buletini kwa njia ya pili. Binti hakuibiwa pointi. Aling'ara katika masomo madogo, akalegea katika yale mazito, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewaambia, yeye wala baba yake, kwamba masomo hayalingani uzito. Mtoto wa msomi huambiwa hayo nyumbani wakati wa kula. Mtoto wa mpakiaji ataambiwa na nani?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya walimu, chama kishughulike na mishahara. Hapana! Tulipoanza kufundishana kusoma karatasi ya mshahara, kukagua saa za ziada na makato ya INSS, tuliambiwa vivyo hivyo, kwamba hayo ni mambo ya mhasibu. Leo nani atakubali kukatwa fedha bila kuonyeshwa hesabu?

Tuwatazame majirani. Nchini Uganda, kwa miaka mingi, masomo ya lazima kwa kozi anayoomba mwanafunzi yamekuwa yakizidishwa mara 3, yanayofuata mara 2, na mengine kwa uzito mdogo zaidi. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5. Wapo waliokubali na wapo waliopinga, lakini walibishana juu ya hesabu iliyo wazi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila shule imweleze mzazi uzito wa kila somo mwanzoni mwa mwaka. Pili, wanaochagua wanafunzi wa udaktari, katika Chuo Kikuu cha Burundi na vyuo vya binafsi, watangaze kabla ya maombi jinsi wanavyohesabu alama za shule na za mtihani wa Serikali. Tatu, anayekataliwa apewe hesabu yake kwa maandishi, na siku za kukata rufaa.

Hatuombi watoto wetu waingizwe kwa huruma. Anayelazwa hospitali ya Kamenge anahitaji daktari anayeijua kazi yake, na wanaolazwa huko ni sisi wenyewe. Tunachotaka ni mizani inayoonekana.

Wazazi, leteni buletini za muhula wa kwanza tuzisome pamoja. Msingoje ile ya mwisho.