Anayesindikiza Naye Ana Jina



Wapendwa waamini, juma hili napenda tutafakari maisha ya mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake, ingawa si ajabu mmekwisha kuisikia kazi ya mikono yake redioni bila kujua ni ya nani. Ni Steve Cropper, Mmarekani, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo, aliyefariki dunia mwezi Desemba 2025 mjini Nashville akiwa na umri wa miaka 84. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake kazi yake ilikuwa kusindikiza. Mwimbaji alisimama mbele ya kipaza sauti, naye Cropper alikaa kando na gitaa lake, akihakikisha kwamba wimbo una mahali pa kukanyaga. Watu wa namna hii huitwa wapiga gitaa wa studio. Santuri ikitoka, uso unaoonekana juu ya jalada si wao.

Pengine mtu atauliza, padre ana habari gani na wapigaji wa muziki wa roki na soul? Mtume Paulo aliwahimiza Wafilipi wayatie moyoni mambo yote yaliyo ya kweli, ya haki na ya kupendeza, wala hakuweka sharti kwamba lazima yatokee ndani ya kuta za hekalu (taz. Flp 4:8). Maisha ya mtu huyu yanagusa jambo linalotusumbua sisi wenyewe parokiani, nalo ni namna tunavyowatendea wale wanaotumika nyuma ya wengine.

Cropper alizaliwa mwaka 1941 katika jimbo la Missouri, akahamia Memphis, Tennessee, angali mtoto. Katika mji huo Jim Stewart na dada yake Estelle Axton walikuwa na kampuni ndogo ya kurekodi. Waliunganisha herufi mbili za mwanzo za kila jina la ukoo, wakaiita Stax. Studio yao ilikuwa jumba kuukuu la sinema katika barabara ya McLemore, na upande wa mbele Bibi Axton aliendesha duka la santuri. Kijana Cropper alifanya kazi katika duka hilo, akiwauzia watu santuri na kusikia wanachokipenda, kisha akapita mlango wa nyuma kwenda kupiga gitaa.

Mwaka 1962 yeye na wenzake watatu walikuwa studioni kwa ajili ya kumsindikiza mwimbaji mmoja, lakini kazi hiyo haikuendelea. Muda ukabaki, nao wakaanza kupiga kwa kujifurahisha. Kutokana na muda huo wa ziada ukapatikana wimbo usio na maneno uitwao “Green Onions,” ambao ulivuma ulimwenguni. Naomba mwangalie jinsi ulivyoandikishwa. Majina ya watunzi ni manne: Booker T. Jones wa kinanda, Steve Cropper wa gitaa, Lewie Steinberg wa besi na Al Jackson wa ngoma. Waliopiga pamoja waliandikwa pamoja.

Tukumbuke pia ni mahali gani na wakati gani. Memphis ya miaka ile ilikuwa mji wa ubaguzi, ambako mweusi na mweupe walitenganishwa shuleni, mikahawani na hata katika nyumba za ibada. Cropper alikuwa mweupe. Jones, Steinberg na Jackson walikuwa weusi. Baadaye nafasi ya Steinberg ilichukuliwa na Donald “Duck” Dunn, mweupe, na kundi likawa nusu kwa nusu. Walipotaka kutunga nyimbo na waimbaji waliotoka nje ya mji, walikwenda katika nyumba ya wageni iitwayo Lorraine, iliyowapokea watu wa rangi zote. Humo Cropper alitunga “In the Midnight Hour” pamoja na Wilson Pickett mwaka 1965, na “Knock on Wood” pamoja na Eddie Floyd mwaka uliofuata. Ni katika roshani ya nyumba hiyo hiyo ya Lorraine ambapo Mchungaji Martin Luther King alipigwa risasi na kuuawa tarehe 4 Aprili 1968. Ukuta mmoja umeshuhudia mikono ya rangi mbili ikitunga pamoja, na chuki ikimwaga damu ya mtu wa amani.

Sasa niseme kidogo juu ya upigaji wake. Cropper hakusifiwa kwa wingi wa noti. Alisifiwa kwa uchache wake. Alipiga panapohitajika, akanyamaza mwimbaji anapokuwa na neno la kusema, kisha akajibu kwa sauti mbili tatu. Tarehe 5 Machi 1967 Kanisa lilitoa hati Musicam Sacram juu ya muziki katika Liturujia, na humo tunafundishwa kwamba vyombo vinavyosindikiza vizitegemeze sauti za waimbaji, visizifunike hata maneno yasisikike. Wapiga vinanda na magitaa wetu, hasa wale wanaoongeza sauti ya spika mpaka Zaburi isieleweke, wangejifunza jambo kwa mtu huyu wa Memphis.

Mwaka huo huo wa 1967 ulitoka wimbo “Soul Man” wa Sam na Dave. Katikati ya wimbo, gitaa linapoingia, mwimbaji Sam Moore anamwita mpiga gitaa kwa jina lake la kwanza na kumhimiza apige. Ni sekunde chache tu. Hata hivyo, mamilioni ya watu wamejua kwamba nyuma ya wimbo ule kulikuwa na mtu aitwaye Steve kwa sababu aliyesimama mbele aligeuka na kumtaja.

Mwisho wa mwaka ukaja msiba. Cropper alikuwa ametunga na rafiki yake Otis Redding wimbo “(Sittin’ On) The Dock of the Bay,” na kazi ya kuurekodi ilikuwa bado ya moto. Tarehe 10 Desemba 1967 ndege ya Redding ilianguka katika ziwa Monona, huko Wisconsin. Redding alikuwa na miaka 26 tu. Kampuni iliutaka wimbo haraka. Basi katika siku zile za majonzi Cropper aliketi peke yake na sauti ya marehemu, akaupanga wimbo, akatia mlio wa mawimbi na wa ndege wa baharini, akaumaliza. Mwezi Machi 1968 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Gitaa lake linasikika humo, lakini halimtangulii rafiki yake hata mara moja. Ninapousikia, humkumbuka Yohane Mbatizaji aliyejiita rafiki wa bwana arusi, yule anayesimama kando na kufurahia sauti isiyo yake (taz. Yn 3:29).

Mpaka hapa, wapendwa, ningeweza kufunga kwa kuwaasa muwe wanyenyekevu, na wengi wangeitika Amina. Lakini hotuba ya unyenyekevu ikiishia hapo yaweza kutumika vibaya. Tunawaambia wanaotumika nyuma kwamba Mungu anawaona, ilhali sisi tunaokula matunda ya jasho lao tumekataa kuwaona.

Historia ya muziki huo ina mfano wa uchungu. Katika mji wa Detroit, kampuni ya Motown ilikuwa na wapigaji wake wa studio waliojulikana kama Funk Brothers. Walipiga katika nyimbo nyingi zilizovuma miaka ya 1960, lakini majina yao hayakuandikwa juu ya majalada. Iliwabidi wangoje hadi mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa “What’s Going On,” ndipo majina yao yakachapishwa. Na jina si suala la sifa tu. Kwa utaratibu wa kazi hiyo, aliyeandikwa kuwa mtunzi hupata mrabaha miaka nenda miaka rudi, na aliyepiga tu hupewa ujira wa siku akaenda zake. Cropper aliandikwa, na kalamu hiyo ilikuwa mkate wa nyumba yake. Wapo waliopiga vizuri kama yeye wakazeeka katika uhitaji.

Maandiko Matakatifu yana desturi nyingine. Musa alipochoka kuinua mikono vitani, hatuambiwi kwamba “watu fulani” walimshika, tunaambiwa ni Haruni na Huri (taz. Kut 17:12). Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinatumia karibu sura nzima kuwaorodhesha waimbaji na wapigaji wa hekalu, makundi 24, jumla yao watu 288, na wakuu wa makundi hayo wanatajwa kwa majina (taz. 1Nya 25). Hata mwandishi aliyeshika kalamu Paulo akisema, Tertio, alipewa nafasi ya kutoa salamu zake mwenyewe ndani ya Waraka kwa Warumi (taz. Rum 16:22). Roho Mtakatifu hakuona kwamba kuwataja wasaidizi kunampunguzia Mungu utukufu.

Haya basi, tujitazame. Mtunzi hukesha akitafuta sauti nne za wimbo wa Komunyo. Wimbo unanakiliwa kutoka kwaya hadi kwaya, na katika nakala ya tatu jina lake limekwisha kufutika. Kwaya inaurekodi, inauuza, inauweka katika intaneti. Mtunzi anausikia sokoni kama mpita njia. Mpiga kinanda anakuja mazoezini kila jioni kwa nauli yake, na siku ya sherehe anasahauliwa hata katika orodha ya wageni wa chakula. Akiuliza, anajibiwa kwamba anamtumikia Mungu. Ni kweli anamtumikia Mungu. Swali ni sisi tunamtumikia nani tunapomnyima haki yake. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake (taz. Lk 10:7), naye Papa Leo XIII katika Rerum Novarum, mwaka 1891, aliweka wazi kwamba kumdhulumu mtu ujira wake ni dhambi kubwa.

Wapo watakaosema kwamba kuwataja watu kutaleta kiburi na mashindano katika kwaya. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana tumeona kwaya zikigawanyika kwa sababu ya mtu mmoja kutaka asikike. Wala sipendekezi makofi na majina ya watu katikati ya Misa Takatifu. Hapo atajwe Kristo. Lakini kuandika jina la mtunzi juu ya karatasi ya wimbo si kumpigia makofi. Ni kusema ukweli. Kiburi cha mtu mmoja hutibiwa kwa malezi, na dhuluma ya wengi hutibiwa kwa toba na malipo. Tusichanganye dawa hizi mbili.

Kwa maoni yangu mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Kila karatasi ya wimbo na kila rekodi ibebe jina la mtunzi na la wapigaji. Kwaya isirekodi wimbo wa mtu kabla ya kuomba ruhusa yake na kupatana naye juu ya mapato, kama yapo. Na Halmashauri ya Walei iweke katika bajeti ya mwaka fungu la nauli na posho kwa mpiga kinanda, kama inavyoweka fungu la mishumaa na divai.

Kwa ninyi mnaopiga na kutunga, msiache kusindikiza kwa upole. Mpigieni Bwana wenu kama Cropper alivyompigia rafiki yake aliyekwisha kulala: kwa uaminifu, bila kumtangulia. Na kwa sisi tunaosimama mbele, mapadre tukiwa wa kwanza, tugeuke nyuma tuwaite kwa majina yao.