Anko, hiyo kitu inakulipa?

Kuna swali nimekuwa nikiuliza watu kwa miaka kama mitatu hivi, na mwezi uliopita ndo nimegundua ni swali la kukosa adabu. Swali lenyewe: "Na hiyo kitu inakulipa?"

Mara ya mwisho nilimuuliza anko wangu, ndugu ya mama, anayeishi Kitale. Wacha nianze hapo.

Anko hufanya kazi kwa gazeti dogo la mji. Usifikirie jengo refu lenye lifti na walinzi. Ni chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, meza tatu, printa moja inayotaka kubembelezwa, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna mtu ameitoa. Gazeti lilikuwa likitoka kila wiki. Sai ni kila baada ya wiki mbili, juu matangazo yamehamia kwa simu. Kwa kadi yake ya kazi imeandikwa mhariri msaidizi, lakini yeye ndiye hupiga picha kwa baraza la chifu, huketi kortini kusikiliza kesi za mashamba, hupokea matangazo ya vifo, hupanga kurasa, na nakala zikitoka kiwandani anazibeba mwenyewe hadi stejini zipelekwe na matatu. Mshahara huja ukijisikia.

Na ako na hobi yake. Shuleni tulifundishwa kuandika "uraibu wangu" kwa insha, unakumbuka? Baadaye ukikua unasikia neno hilohilo kwa mabango ya dawa za kulevya. Kwa Anko maana zote mbili zinaingia. Yeye hutengeneza chemshabongo, yale mafumbo ya maneno ya visanduku. Anayachora kwa mkono kwa kile kitabu cha hesabu cha mraba cha watoto wa shule, kwa penseli, kila usiku baada ya taarifa ya habari. Moja kati ya hizo huingia kwa gazeti, ukurasa wa mwisho karibu na ratiba ya mechi. Zingine hazionwi na mtu.

Mimi nilidhani hii ni kazi rahisi. Sio. Hebu jaribu. Maneno ya Kiswahili karibu yote yanaisha kwa irabu, kwa hivyo ukiweka herufi moja kila kisanduku, ukingo wa kulia na ule wa chini vinajaa a, i, u, a, a, i. Unajifungia mwenyewe. Anko alihangaika na hilo miaka mingi, halafu akaamua kila kisanduku kibebe silabi nzima. Sasa "karatasi" inakaa kwa visanduku vinne, ka-ra-ta-si, kutoka kwa "ra" unateremsha "ratiba", kutoka kwa "si" unateremsha "sikukuu", na mambo yanasonga. Alinieleza hii akiwa na macho ya mtu aliyepata mafuta shambani kwake.

Sasa. Mwezi uliopita alinipigia saa nne usiku. "Mashine imekataa. Si wewe ulisoma kompyuta?"

Nilisoma kompyuta mwaka mmoja na nusu, nikaacha chuo, mnajua hiyo stori. Lakini kwa familia yetu kuacha chuo hakukuondolei wajibu. Karo hawakumaliza kulipa, ila kila simu iliyoanguka kwa maji bado ni yako. Nikapanda basi la usiku.

Hiyo kompyuta, bana. Inaendeshwa na Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Kurasa anazipanga kwa PageMaker. Wengi wenu hamjui PageMaker, na hamna kosa: ilitoka 1985, ikatengenezwa na kampuni ya Aldus, Adobe wakainunua Aldus 1994, na toleo la mwisho lilitoka 2001. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nikauliza kwa nini hawabadilishi. Anko akasema kurasa zote za zamani zinafunguka hapo tu, mkono wake umeizoea, na pesa ya kununua nyingine haipo. Sababu ya tatu ndiyo ilikuwa ya kweli, hizo mbili zilikuwa za heshima.

Ukiiwasha inalia pii, pii, pii, halafu skrini nyeusi. Hiyo najua. Nikafungua pembeni, vumbi likatoka kama la barabara ya murram, nikachomoa kile kijiti cha RAM, nikasugua meno yake na raba ya penseli. Raba yake mwenyewe, ile ya kufutia chemshabongo. Nikairudisha, ikawaka. Wafanyakazi wote wawili wakapiga makofi, na mimi sijawahi kupigiwa makofi na watu walio mbele yangu, nimezoea ya vidole kwa skrini.

Lakini saa ilikuwa inasema ni Januari 2002. Ile betri ndogo ya duara iliyo kwa ubao wa ndani ilikufa kitambo, kwa hivyo kila stima ikipotea saa inarudi mwanzo, na Kitale mvua ikinyesha stima ni ya kubahatisha. Matokeo: mamia ya faili zote zinadai zilitengenezwa Januari 2002. Kifo cha mtu cha juzi, mkutano wa wakulima wa mahindi, mashindano ya shule, yote siku moja. Betri nyingine nilipata kwa fundi wa saa mtaani. Hiyo ilikuwa dakika tano.

Kisha nikasikia sauti. Tak. Tak. Tak.

Kama hujui hiyo sauti, ombea usiwahi kuijua. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka, kwa kompyuta nyingi za mezani mara 7,200 kwa dakika, na kuna mkono mdogo unaosoma juu yake. Huo mlio ni mkono ukitafuta pa kusoma na kukosa, unarudi, unajaribu tena. Ni diski inayoaga. Haikuwa na nakala popote. Miaka kumi na moja ya gazeti, na hakuna hata flashi.

Nikaichomoa, nikaiunganisha na laptopu yangu kwa kebo, nikamwambia Anko: tunaweza kukosa vyote, kwa hivyo niambie tuanze na gani.

Mimi nilikuwa na uhakika atasema mafumbo. Kulikuwa na folda nzima, yale aliyoyanakili kutoka kwa vitabu na kuyachora upya kwa kompyuta, mstari kwa mstari. Akasema, "Anza na tanzia."

Sikuelewa. Akanieleza huku anaangalia ile baa ya kijani ikitambaa. Mtu akifiwa, familia huja na picha. Mara nyingi ni moja, ile ya kitambulisho, au iliyokatwa kutoka kwa picha ya harusi ya mtu mwingine. Anko anaiskani, anawarudishia. Miaka inapita, nyumba inavuja, picha inapotea, halafu siku moja kijana anapanda hizo ngazi kuuliza kama bado wako na uso wa mamake. "Hao huwa hawapigi simu," akasema. "Huja wenyewe."

Tukaanza na tanzia. Ilichukua karibu saa tatu, ikikwama na kuendelea. Halafu kurasa zenyewe, hizo tulipata kama nusu. Mafumbo akayaweka mwisho. Diski ikafika kwa hiyo folda, ikanakili faili nne, ikapiga tak moja ndefu, na ikanyamaza. Nimejaribu kila kitu nilichosoma na nilichokosa kusoma. Imekwenda.

Mimi ndo nilikuwa karibu kulia. Anko alienda kuchemsha chai.

Tukiwa tunakunywa ndipo nikauliza. Nilikuwa nataka kumfariji, naapa. Nikamwambia, Anko, hii kitu yako ni kubwa, mafumbo ya silabi, sijaona mtu mwingine anafanya. Tukuwekee TikTok, nakurekodi ukichora, sauti ya penseli pekee, watu wanapenda hiyo. Ama tuuze kitabu. Maana miaka yote hii, kwani inakulipa?

Akacheka. Akasema: "Kwa hilo gazeti lote, hiyo ndo kazi moja ambayo sijawahi kucheleweshewa malipo."

Nilicheka pia, halafu nikanyamaza, juu ilinigonga mahali.

Nyinyi mnaonifuata kutoka mwanzo mnajua nilikuwa nachora vile vikatuni vya pembeni ya daftari, unapindua kurasa haraka kamtu kanatembea. Nilifanya hivyo kutoka darasa la tano. Nilikuwa nachora kwa basi, kwa kanisa, kwa mtihani. Halafu moja ikapata watu laki mbili, na nikaambiwa, na nikajiambia, hii sasa ni kazi. Nikaanza kuhesabu. Kamtu kakianguka watu wanapenda, kakitembea tu hawapendi, kwa hivyo kamtu kangu kameanguka kila wiki kwa miaka miwili. Mwaka jana akaunti yangu ilifungwa siku nne kwa makosa. Sikula. Lakini sikulilia michoro, wasee. Michoro ilikuwa kwa simu, yote. Nililia namba. Anko amepoteza miaka kumi na moja na akaweka majani ya chai.

Na sijachora kitu cha kujichorea tangu Machi. Kila nikishika kalamu kuna mtu ndani anauliza, na hii utaiposti lini?

Najua mtakachoandika hapo chini. "Wewe unaongea hivyo juu umeshapata." "Hobi ni ya watu wako na rent." Sawa, tuongee. Hilo swali halikutoka hewani. Tumelelewa na watu wanaodaiwa. Ukiwa na miaka ishirini na mbili, kodi ni tarehe tano na mkopo wa chuo ambacho hukumaliza unakungoja, kitu chochote kisicholeta pesa kinaonekana kama dhambi. Sikatai watu wauze vipaji vyao. Mimi mwenyewe nakula kutoka hapa, na nitaposti Jumatano kama kawaida, kamtu kataanguka. Ninachokataa ni kwamba tumegeuza pesa kuwa ndiyo ruhusa. Dada anafuma sweta, tunamwambia afungue duka. Jamaa anapika vizuri, tunamwambia aanze chaneli. Hatumwambii sweta ni nzuri. Tunadhani tunamsifu, kumbe tunamwambia hicho anachofanya, vile kilivyo, hakitoshi.

Na hoja ya kwamba hobi ni ya matajiri haisimami ukitembea tu. Nenda steji yoyote ya boda saa nane mchana uone drafti inachezwa kwa visoda, na mtu amekasirika kwa kweli juu ya kifuniko cha soda. Fungua Taifa Leo ukurasa wa mashairi, uone watu wanavyojibizana kwa tarbia, mistari minne kila ubeti, mizani nane huku na nane kule, na ukikosea mizani moja unasahihishwa na mtu usiyemjua. Wengi wa hao hawana akiba benki, na hakuna anayewauliza inawalipa ngapi. Anko mwenyewe ananidai mia tano ya betri aliyodhani nitarudisha chenji.

Kitu kingine, na hii ni ya wewe unayesoma ukiwa na simu ya miaka minne: fanya nakala. Leo. Si ya mafumbo tu, si ya video zako. Angalia ni picha gani uko nayo peke yako duniani, ya shosho, ya babako akiwa kijana, uitoe kwa hiyo simu uiweke mahali pawili. Diski haitumi barua ya kukuonya.

Vitabu vya mraba vipo, kwa wale mnaouliza. Vilikuwa kumi na nne. Tumepata tisa. Vitatu vililiwa na panya, kimoja hakijulikani kilipo, na kimoja binamu yangu wa darasa la nne alifanyia hesabu ya kugawanya, juu ya mafumbo, na mwalimu akamwekea vema. Anko anasema hicho ndicho kizuri zaidi.

Asubuhi nikiondoka kurudi Nairobi alikuwa ameshaanza lingine, kwa kitabu kipya. Jana amenitumia picha yake. Chini 4, visanduku viwili: "Aliyefufua mashine kwa raba." Nikaandika haraka, m-pwa, maana mimi ni mtoto wa dada yake, na inatosha kabisa. Halafu nikafika Kulia 6, inayopita kwa kisanduku cha pili: "Huja kwa chane." Hiyo ni ndizi. Kwa hivyo nimefuta, nimeandika fundi.