LIKIZO NI YA NYUMBA NZIMA: WAZEE NAO WAIONE BAHARI



Kila mwaka unapokaribia kwisha, sisi wafanyakazi wa Chepkoilel huulizana, “Likizo yako umeifanyia nini?” Majibu ni yale yale. Mmoja alivuna mahindi. Wa pili alijenga choo nyumbani kwao Bungoma. Wa tatu alikwenda matanga mara tatu, na siku zikaisha hukohuko. Wa nne aliuza siku zake kwa mwajiri ili alipe karo. Ni nadra kusikia mtu akisema, “Nilipumzika”, na nadra zaidi kumsikia akisema, “Nilipumzika pamoja na watoto na wazazi wangu.”

Hatuwalaumu wenzetu. Mahindi ni chakula, na maiti huzikwa. Lakini twaona imefika saa ya kulitazama jambo hili sawasawa. Twasema hivi: familia ya mfanyakazi, pamoja na bibi, babu na wajukuu, yaweza kwenda pwani kwa juma moja na kurudi bila deni, ikiwa itajipanga mwaka mzima na ikiwa chama kitaisaidia kupanga. Tena twasema kwamba jambo hilo si anasa. Ni haki ambayo watu waliigombea.

Tukumbuke haki hii ilikotoka. Mwezi wa Juni mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma wakakaa ndani ya viwanda vyao mpaka wakapata, pamoja na mambo mengine, sheria ya likizo ya wiki mbili kwa mshahara. Msimu huohuo watu wengi waliozaliwa katika nchi yenye pwani ndefu waliiona bahari kwa mara ya kwanza. Mwaka huo Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mkataba wake wa kwanza juu ya likizo yenye malipo, na mwaka 1970 likatoa mwingine ulio bora zaidi, ambao Kenya iliukubali mwaka 1979. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yasema mfanyakazi aliyetimiza miezi kumi na miwili apate likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Yasema pia kwamba likizo ikigawanywa vipande, kipande kimoja kisipungue wiki mbili za kazi mfululizo, ila kama mapatano yamesema vingine. Basi nafasi ya kusafiri iko katika sheria. Anayepewa siku mbili leo na tatu mwezi ujao, mpaka zote zimeyeyuka, na asome kifungu hicho, kisha amwone mwakilishi wake wa chama.

Sasa tuje kwa wazee. Wengine wetu husema, “Tutakwenda sisi na watoto. Mzee abaki aangalie ng’ombe.” Maneno hayo twayakataa, na sababu tunayo. Wazee wengi wa Uasin Gishu walizaliwa katika mashamba ya walowezi, ambao walianza kumiminika hapa mwaka 1908. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka maskwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na bila sahihi ya mwajiri hakuweza kuondoka. Watu hao hawakujua neno likizo. Watoto wao, ambao ndio wazee wetu wa leo, walikulia katika kazi hiyo, kisha wakatusomesha kwa maziwa na mahindi. Leo bibi mwenye kitambulisho chake mkononi aweza kupanda gari la moshi mpaka Mombasa bila kumwomba mtu ruhusa. Je, sisi tutamwambia abaki na ng’ombe?

Hata hivyo ng’ombe lazima wakamwe asubuhi na jioni. Hilo ni kweli, wala hatulidharau. Dawa yake ni zamu. Familia mbili au tatu za jirani zipatane: mwaka huu ya kwanza iende na ya pili ikamue, mwaka ujao wabadilishane. Twasaidiana hivyo hivyo katika mavuno na harusi. Hakuna sababu tushindwe katika mapumziko.

Jambo la pili ni kuchagua mwezi. Watu wengi hufikiria Desemba tu. Lakini kwetu Oktoba mpaka Desemba ni mavuno, Desemba ni jando na harusi, na huko pwani ndio wakati kila mwenye nyumba ya kupanga hupandisha bei, kwa kuwa nusu ya nchi inashuka pamoja. Joto nalo ni kali kwa mzee aliyezoea baridi ya nyanda za juu. Sisi twapendekeza Agosti. Shule zimefungwa. Mahindi yamekwisha palizi na bado ni mabichi, kwa hiyo shamba halimwiti mtu. Huko pwani mvua kubwa ya masika, ambayo hupiga sana mwezi wa Mei, imepita, na upepo wa kusi unavuma na kupoza hewa. Kwa mtu wa Chepkoilel, Agosti ni mwezi wenye nafasi.

Jambo la tatu ni fedha. Tuchukue familia ya watu wanane: babu, bibi, baba, mama, na watoto wanne wenye miaka 14, 10, 7 na 2. Gari la moshi la Nairobi hadi Mombasa, lililoanza kazi mwaka 2017, liliwekewa nauli ya shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida kuanzia Januari 2024. Watoto wa miaka 3 mpaka 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka mitatu halipi. Basi watu wazima wanne na yule wa miaka 14 ni shilingi 7,500. Watoto wawili wa nusu ni 1,500. Jumla 9,000 kwenda, na 9,000 kurudi: shilingi 18,000. Nauli yaweza kubadilika, kwa hiyo kila mtu aulize kabla. Lakini hesabu yenyewe yatufundisha jambo. Ukiigawanya kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Ndugu wawili watatu waliozaliwa na mzee mmoja wakichanga pamoja, kila mmoja hutoa mia tano au mia saba na hamsini.

Nauli ya barabara kutoka Eldoret mpaka Nairobi, malazi na chakula vihesabiwe kwa njia hiyohiyo, viandikwe katika daftari mezani, na babu awepo. Fedha ziwekwe katika chama cha akiba na mikopo kwa jina la likizo, zisiguswe. Twaonya kwa nguvu: mtu asikope ili aende pwani. Siku saba za furaha zikifuatwa na makato ya mwaka mzima katika hati ya mshahara, hiyo si likizo tena.

Juu ya malazi, familia kubwa isikimbilie hoteli. Nyumba ya kupanga yenye jiko na vyumba vitatu huwafaa zaidi watu wanane, na bibi hupata uji wake saa anayoutaka. Ulizeni kwanza kama ni ya chini au ya ghorofa, maana magoti ya mzee hayapendi ngazi. Lakini jiko lina hatari yake. Ikiwa mama ndiye atakayepika, kuosha na kufagia siku zote saba, basi yeye hakupata likizo. Amehamishwa kituo cha kazi tu. Baba na vijana wapange zamu ya jikoni kabla ya kuondoka nyumbani.

Jambo la nne ni afya. Kutoka Eldoret mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka hapo mpaka Mombasa ni karibu kilomita 480. Mzee asifanywe mzigo wa kusafirishwa mchana na usiku bila kulala. Vunjeni safari Nairobi kwa usiku mmoja, kwa jamaa kama wapo, na kesho yake mpande gari la moshi. Watu wazima wasisahau vitambulisho. Mwenye dawa za pressha au za sukari achukue za siku zote na za akiba, azibebe mkononi. Tena sisi tunaokaa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari hatukuzoea malaria kama watu wa pwani walivyoizoea. Kila kitanda kiwe na chandarua, na mtu akipata homa huko au baada ya kurudi, apimwe damu upesi na amwambie daktari kwamba alikuwa pwani.

Na bahari nayo ina adabu yake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Ulizeni wavuvi saa za maji kila asubuhi. Watoto wetu wamezoea vijito. Hawajui bahari, na wengi hawajui kuogelea. Asiingie mtoto majini bila mtu mzima kusimama karibu naye.

Wako watakaosema, “Pwani ni ya watalii.” Si kweli. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule ni wa bibi yako kama ulivyo wa mgeni aliyekuja kwa ndege. Uko ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambako wananchi hujaa kila sikukuu. Kivuko cha Likoni, anayevuka kwa miguu halipi. Wajukuu watapenda kukivuka kwenda na kurudi kuliko michezo mingi ya kulipia. Iko Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kando yake vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo mzee aweza kuvitembea polepole na kupumzika barazani.

Na sisi wa vyama tuna jambo letu la kuwaonyesha watoto. Januari mwaka 1947 mji huo wa Mombasa ulisimama. Wafanyakazi zaidi ya 15,000, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, waligoma pamoja kudai mishahara. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, Baringo, ng’ambo ya bonde la Kerio kutoka kwetu. Mtoto akisimama mahali ambapo meli zaonekana, aambiwe habari hiyo na babu yake, naye ataelewa kwamba kadi ya chama iliyo mfukoni mwa baba si karatasi tu.

Chama nacho kifanye nini? Twaleta maoni matatu kwa mkutano wa tawi. Kwanza, katika mapatano yajayo na waajiri tudai kwamba mfanyakazi mwenye watoto shuleni apewe nafasi ya kwanza kuchagua likizo wakati shule zimefungwa, na orodha ya likizo itolewe mwanzoni mwa mwaka, si juma moja kabla. Pili, posho ya likizo, pale ilipo, ilipwe kabla mtu hajaondoka. Posho inayofika baada ya mtu kurudi kazini haikumsafirisha. Tatu, tawi lianzishe mfuko wa safari na kukusanya familia tano au sita kwa pamoja. Watu arobaini wakikodi basi moja mpaka Nairobi na nyumba za jirani huko pwani, watapata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata.

Twajua kwamba kuna mwenzetu anayelipwa kidogo mno hata hesabu hii ya shilingi 1,500 humchekesha. Kwake yeye neno la kwanza ni mshahara, na chama kisiache kulisema. Lakini asiambiwe kwamba bahari haimhusu. Sababu moja ya kudai mshahara mzuri ni hii, kwamba mtu apate kula, apate kusomesha, na siku moja amshike mama yake mkono waingie majini pamoja wakiwa na wajukuu.

Ndugu, wazee hawatungojei milele. Anayetaka kwenda Agosti ijayo na afungue daftari mwezi huu, aketi na jirani wapange zamu ya ng’ombe, na alete jina lake kwa katibu wa tawi.

Umoja ni nguvu.