Nati Moja Iliyotuchelewesha

Asubuhi moja gari la msikiti lilipata pancha likiwa njiani kuchukua jeneza. Tairi la akiba lilikuwemo na jeki ilikuwemo, lakini nati moja ya kufuli ilikataa kufunguka. Meno yake yalikuwa yamelika, na ufunguo wake ukawa unazunguka bure. Tukaazima gari la jirani, na wafiwa wakatungoja.

Kosa lilikuwa letu. Nati hizi, ambazo aghalabu huwekwa moja katika kila gurudumu kuzuia wizi, hufunguliwa kwa ufunguo wake maalumu. Zikikazwa kwa mashine ya upepo, meno yake huweza kuvunjika. Nasi tulisimama tukitazama zikikazwa hivyo.

Mchana alikuja fundi. Kabla ya kupandisha jeki, alivuta hendibreki, akakaza kidogo nati zilizo kando ili kuipunguzia mzigo ile iliyoharibika. Kisha akaigongelea boksi ndogo kidogo kuliko kichwa chake, akaizungusha taratibu kwa mpini mrefu. Ikatoka. Isingetoka, angetumia boksi ya kung'olea, ambayo meno yake ya ndani huuma zaidi kadiri inavyozungushwa. Kutoboa kwa drili ni hatua ya mwisho, kwani huweza kuharibu rimu.

Sasa gari lina nati za kawaida tupu. Ndugu msomaji, ikiwa lako lina nati za kufuli, utafute ufunguo wake leo, uujaribu kwa mkono ukiwa nyumbani. Ukiteleza, mwite fundi kabla ya safari.