Mkopo wa Gari Uhesabiwe Kabla ya Sahihi

Si vibaya mfanyabiashara wa samaki wa Ggaba kutamani gari lake mwenyewe la kubebea bidhaa. Tunalolipinga ni kutia sahihi mkataba wa mkopo wa muuza magari kwa kutazama malipo ya mwezi peke yake.

Tuchukue mfano. Gari lauzwa shilingi milioni 40. Mnunuzi atanguliza milioni 20, na zilizobaki azilipa kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 2 kila mwezi. Riba hiyo ikitozwa juu ya deni la awali mpaka mwisho, itafika milioni 9.6. Ikitozwa juu ya deni linalobakia baada ya kila malipo, haitazidi milioni 5.4. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti yapita milioni 4!

Basi mnunuzi na aulize: riba yatozwaje? Bei ya taslimu ni ngapi? Akichelewa kulipa, gari litachukuliwa lini? Kisha alinganishe na masharti ya chama cha akiba na mikopo, kama sisi wanajeshi tulivyo na Wazalendo. Dawa ya deni ni kulipa. Kinga yake ni kuhesabu mapema.