Bagamoyo: Mwaka wa fedha unapogongana na masika

KILA ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, taa za ofisi za uhasibu katika halmashauri nyingi nchini huwaka hadi usiku. Vocha zinapita mkono kwa mkono, wazabuni wamejaa koridoni na maofisa ugavi hawashikiki kwa simu. Sababu inajulikana. Juni 30 vitabu vinafungwa, na fedha ya maendeleo ambayo haijatumika inaweza kurejeshwa Hazina. Baadaye madiwani husomewa taarifa iliyojaa asilimia: zimepokelewa kiasi hiki, zimetumika kiasi hiki.

Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo asilimia hizo ni kipimo dhaifu. Zinaeleza fedha ilikokwenda, hazielezi kama paa limepanda. Na chanzo cha udhaifu huo si wizi peke yake, ingawa wizi katika serikali za mitaa wakaguzi wameusema miaka nenda rudi. Chanzo kingine, ambacho hakizungumzwi sana, ni kalenda.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi. Pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam ina mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Miezi ambayo fundi anaweza kuchimba msingi bila hofu ni Juni hadi Septemba, kisha Januari na Februari. Sasa tazama mwenendo wa fedha. Robo ya kwanza huishia kwenye mipango, mikataba na kusubiri mgawo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mara nyingi kueleza kuwa halmashauri hupokea fedha za miradi zikiwa zimechelewa, nyingine zikiwa zimebaki wiki chache mwaka kufungwa. Maana yake ni kwamba fedha inaingia pamoja na masika.

Mtu anayeijua Yombo au vitongoji vya ndani vya Fukayosi mwezi Aprili hahitaji kuelezwa zaidi. Lori la mchanga halifiki. Saruji inayotoka Wazo Hill, ambako si mbali hata kidogo, inalala njiani au inafika imelowa. Gharama ya kusafirisha inapanda na makadirio ya mhandisi hayabadiliki. Ofisa anabaki na njia tatu: kulipia kazi ambayo haijakamilika, kuhamishia fedha akaunti ya amana, au kuiacha irudi Hazina. Hakuna hata moja inayomsaidia mwanafunzi anayesubiri darasa, lakini mbili za kwanza zinapendeza kwenye taarifa.

Anayeumia kwanza ni mwananchi aliyechangia. Katika vijiji vingi wakulima wa mpunga, wavuvi na wachoma mkaa wamejitolea tofali, mchanga na nguvu zao kusimamisha kuta za darasa au zahanati, kwa ahadi kwamba halmashauri itapaua. Kuta hizo kwenye taarifa huitwa maboma. (Mji wenye Boma la Wajerumani lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 ungepaswa kulitumia neno hilo kwa uangalifu.) Boma likinyeshewa misimu miwili ya masika bila paa, tofali za saruji hafifu zinaanza kumomonyoka, na mchango wa mwananchi unayeyuka wakati mradi bado unahesabiwa kuwa "unaendelea". Anayefuata kuumia ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyekopesha nondo na mabati akiamini Serikali haikimbii deni.

Kuna wanaosema halmashauri ionewe huruma kwa kuwa mfuko wake umepungua. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2015 Chalinze ilipokuwa halmashauri inayojitegemea, iliondoka na mananasi ya Kiwangwa na kokoto za Lugoba. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, jambo lililomfurahisha mkulima na kumtoa jasho mweka hazina. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, inakatwa kwenye umeme wa LUKU, haipiti tena dirisha la halmashauri, na hii ni wilaya ambayo Mapinga na Kerege zinajengwa nyumba kila kukicha na watu wanaohama Dar es Salaam.

Lakini mzigo nao umepungua. Barabara za wilaya zilikwenda TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini yakaenda RUWASA mwaka 2019. Kilichobaki mikononi mwa halmashauri kwa sehemu kubwa ni madarasa, zahanati, masoko, minada na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Orodha fupi kiasi hicho inaweza kukaguliwa kwa macho, jengo kwa jengo, katika kata 11.

Na ushahidi kwamba inawezekana upo. Oktoba 2021 Serikali ilizindua matumizi ya Sh trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake madarasa 15,000 nchi nzima kwa Sh milioni 20 kila moja, yawe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari. Fedha ilifika mapema, tarehe ya mwisho ilijulikana na mafundi wa mitaani walipewa kazi. Ni kweli vuli ya mwaka ule ilikuwa haba, hadi Mto Ruvu ukapungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, kwa hiyo hali ya hewa ilisaidia. Ni kweli pia kwamba bei moja kwa darasa la Mapinga lililo kando ya lami na darasa la kijiji kisichofikika haikuwa haki. Hata hivyo, mpango ule ulionyesha tofauti kati ya fedha ya Oktoba na fedha ya Mei.

Madiwani wa Bagamoyo hawawezi kuilazimisha Hazina. Wanachoweza ni kutumia mapato ya ndani, ambayo hayasubiri mgawo kutoka Dodoma, kwa kupaua maboma yaliyopo kati ya Julai na Septemba kabla ya kuanzisha msingi mpya hata mmoja. Wanaweza pia kudai mikataba na michoro ya miradi ya ruzuku iwe tayari mwezi Juni, fedha ikifika fundi aanze siku hiyo.

Taarifa ya mwaka nayo ibadilishwe. Ripoti ya ukaguzi humfikia Rais mwishoni mwa Machi, wakati ambapo kwa kawaida halmashauri imeshapitisha bajeti nyingine, hivyo diwani anayeisubiri amechelewa. Mwezi Julai apewe jedwali moja la kila jengo: lilianza lini, limelipiwa kiasi gani, lina paa au halina, na nani anadai. Nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, ambako waliobeba tofali watailinganisha na wanachokiona.