Mheshimiwa Waziri, njoo getini alfajiri

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, Tanzania

Mheshimiwa Waziri,

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakuwa tumeshajaa getini. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule wa kitenge cha njano. Walioguswa na kidole wanaingia. Waliobaki wanarudi Manzese na Mburahati kwa miguu, nauli imeshaliwa na safari ya kuja. Ni mwaka wa sita sasa nashona nguo katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na mpaka leo mimi ni kibarua.

Nasikia wenye viwanda wakilalamika kwamba hatuna ari. Mwaka jana cherehani ya jirani yangu ilianza kuvuja mafuta, tone moja moja, juu ya mashati meupe ya shule. Aliona, akanyamaza. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, kesho yenyewe sijui kama nitaitwa." Dazeni nzima ikaharibika. Na huyo ndiye fundi hodari kuliko sote kwenye mstari wetu. Kola anayoishona yeye hairudishwi.

Mshahara tunautaka, tena sana. Ila mtu hujituma pale anapojua kazi ni yake na anaheshimiwa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea ubabe na dharau za viongozi, wafanyakazi wa viwanda vya jiji hili waligoma, na mara nyingi kilichowaudhi zaidi kilikuwa kutukanwa na mabosi kuliko pesa. Marehemu baba alikuwa kiwandani miaka hiyo. Hadi anazeeka alimtaja kwa upendo meneja mmoja aliyekuwa akimwita kwa jina lake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka likizo ya mwaka ya siku 28, na ovataimu kwa malipo ya mara moja na nusu. Sasa sisi tunaoajiriwa upya kila kukicha, siku zetu zinahesabiwa kwenye daftari gani?

Mheshimiwa, mkaguzi akifika saa nne asubuhi anakuta foleni imeshatawanyika. Naomba wakaguzi waje alfajiri, bila taarifa, wasimame nasi, wamuulize kila mmoja amekuwa akifika hapo getini kwa miaka mingapi. Wakishaandika majibu, waingie ofisini na orodha hiyo, wadai mikataba yetu ya maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mshonaji, mstari wa kola